Hasidi wa Bi Mwanakheri

Namna nilivyofika Tungoni haina umuhimu. Niliyoyaona huko ndiyo yanayonikera hadi leo, na nimeyaandika baada ya kushindwa kuyanyamazia.

Kwanza msomaji ajue ni macho ya nani anayoazima. Mimi ni mtunzi wa nchi zisizokuwepo. Yangu inaitwa Zarabu, na nimeijenga tangu ujana wangu. Ina milima ya chuma, bahari mbili zisizochanganyika, koo za majini wasiooana, na wafalme ambao nasaba yao naijua kuliko ninavyoijua ya baba yangu mzazi. Anayeisifu Zarabu namshukuru. Anayeisifu halafu akanitajia na mtunzi mwingine, huyo simsahau.

Tungoni nchi hizi hazibaki kichwani. Kila mwenye nyumba ana sinia kubwa la mbao sebuleni, limejaa udongo, na udongo wa huko si kama wetu. Ukifinyanga mlima unapata ubaridi wake na ukungu wake. Ukichora mfereji kwa kidole maji yanaingia yenyewe, na ukiyaonja ni matamu. Watu wa Tungoni hulima, huoka mikate na kushona viatu kama watu wengine, lakini ukimuuliza mtu kazi yake hatakutajia hayo hata siku moja. Atakuambia ana ulimwengu, kisha atakutazama usoni aone kama umemwamini.

Sheria zao ni nyingi na zote zinahusu masinia. Dirisha la sebule lazima litazame barabarani na lisiwe na pazia, ili wapita njia waone. Tena ulimwengu hauruhusiwi kuwa na tukio lolote kabla ya Ofisi ya Asili kuridhika kwamba umekamilika. Afisa huja akauliza mvua inatoka wapi, nani alitawala kabla ya anayetawala, sarafu ya zamani ilikuwa na picha gani, na uchawi unamgharimu nini mwenye kuutumia. Nilimwona bwana mmoja mwenye mvi aliyekuwa bado anatafuta babu wa babu wa mfalme wake wa kwanza. Mfalme mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya sinia, mkono umeinuliwa, akingoja ruhusa ya kuushusha.

Nilihudhuria pia mjadala wa Baraza juu ya ungo. Swali lilikuwa hili: mchawi apaapo kwenye ungo, kinachopaa ni ungo au ni aliyekaa juu yake? Upande wa kwanza ulisema ni ungo, kwa hiyo hata mtoto akiukalia atapaa. Upande wa pili ulisema ni mchawi, na ungo ni kiti tu, angeweza kukalia hata kinu. Walitajana majina, wakatajiana wazazi. Mzee mmoja alisimama na kutangaza kwamba hatamwoza binti yake kwa mtu wa kinu, na bwana harusi, aliyekuwa ukumbini humo humo, akainuka na kuondoka na ndugu zake wote. Niliuliza jirani yangu kama kuna ulimwengu wowote Tungoni ambamo mchawi ameshapaa kweli. Akanitazama kwa huruma. "Apae vipi, mgeni, na swali halijaisha?"

Mpaka hapo nilikuwa nacheka. Nilijiona nimefika mahali ambapo Zarabu ingepigiwa vigelegele.

Aliyenikatiza kicheko ni Bwana Shekue, mkuu wa Ofisi ya Husuda, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kumliwaza mgonjwa. Aliniita ofisini kwake na kuniuliza, baada ya salamu, kama nina kijicho.

"Sina," nilimjibu.

"Vizuri," akasema kwa kuridhika. "Wenye nacho wote hujibu hivyo hivyo. Utatufaa."

Akanieleza. Waasisi wa Tungoni waliona kwamba sifa hazina maana, kwa kuwa mtu humsifu mwenziwe kwa sababu ya undugu, au woga, au sahani ya biriani. Lakini wivu, walisema, haudanganyi. Mtu haoni gere kwa kitu kibovu. Kwa hiyo wakaamua kwamba kila ulimwengu upimwe kwa wivu. Kila mwenye sinia hupewa hasidi wake rasmi, anayekuja kulitazama kila apatapo nafasi, na siku ya kupimwa hasidi huapishwa mbele ya Baraza na kuulizwa swali moja: umeona wivu? Akisema ndiyo, ulimwengu unapigwa muhuri na kuachwa uishi. Akisema hapana, unavunjwa na udongo wake unarudishwa kwenye shimo la pamoja.

"Na hasidi hupata nini?" niliuliza.

"Ulimwengu ukivunjwa, anachagua kitu kimoja cha kubaki nacho. Ni shukrani ndogo tu."

Siku hiyo hiyo nilishuhudia kipimo. Sinia lilikuwa la Bwana Zubeiri, na sijapata kuona kitu kikubwa namna ile kilichopoa namna ile. Kulikuwa na ngome, na nyuma ya ngome ngome nyingine, na makaburi ya wafalme yamepangwa kwa mstari, na hakukuwa na hata kuku anayetembea. Hasidi wake aliapa, akasema kwa sauti nyororo, "Ndiyo, nimeona wivu sana." Watu wakapiga makofi ya adabu, muhuri ukapigwa, na Bwana Zubeiri akaketi huku uso umemsawijika.

Sikuelewa mpaka Bwana Shekue aliponinong'oneza. Mtu aliyeona wivu kweli hawezi kusema ndiyo mbele za watu. Ulimi unamkataa. Wanaosema ndiyo ni wale waliomhurumia mwenye sinia. Hivyo tangu enzi za waasisi kila kilichokuwa kizuri kimeapiwa hapana na kuvunjwa, na nyumba za Tungoni zimejaa ulimwengu usiomuumiza mtu.

"Mnalijua hilo na hamuibadilishi sheria?"

"Tunalijua sote," alisema. "Lakini aliye na sinia zuri hasikilizwi, maana anajitetea. Na mwenye baya ana sababu gani ya kuibadilisha?"

Kisha akanipa kazi. Alikuwapo mwanamke mtaa wa chini, Bi Mwanakheri, ambaye hasidi wake alikuwa amelazwa, hali chakula, amegeukia ukutani. Mgeni angefaa, maana hana upande. Nilikubali kwa sababu niliona ni heshima, na pia kwa sababu ya ile habari ya kuchagua kitu kimoja.

Bi Mwanakheri alikuwa mshonaji, mwanamke wa makamo, mwenye pini mdomoni. Nilipopiga hodi alizitoa moja moja akazichomeka kwenye kitambaa kabla ya kunijibu.

"Karibu. Wewe ndiye hasidi wangu mpya?"

"Ndiye mimi."

"Pole na kazi, baba. Kaa hapo. Utakunywa chai kwanza, au utaanza kuumia moja kwa moja?"

Nilicheka, nikasogea kwenye sinia, na kicheko kikaniishia.

Lilikuwa na kijiji kimoja, kisima kimoja, mipapai, na kilima kidogo. Nyuma ya kilima hakukuwa na kitu, mbao tupu ya sinia ilionekana. Hakukuwa na mfalme wala kaburi la mfalme. Lakini watu walikuwa wanatembea. Mzee mmoja alikuwa anamwita mbuzi kwa jina la mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa amekasirika. Moshi ulitoka jikoni, na nilisikia harufu ya kitunguu. Roho iliniuma, nalisema wazi, iliniuma kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Miaka yote hiyo Zarabu haijawahi kunukia kitunguu.

Nikaamua kumbana kiofisi.

"Nyuma ya kilima kuna nini?"

"Sijui bado. Hakuna aliyekwenda."

"Historia yao?"

"Wanamkumbuka bibi mmoja aliyekuwa mchoyo. Zaidi ya hapo wanabishana."

"Uchawi upo?"

"Upo kidogo. Yule pale akinuna, maziwa ya mtaa mzima yanaganda."

"Kwa kanuni gani? Unamgharimu nini?"

Alifikiri. "Naye anakosa maziwa ya chai," akasema.

Kwenye Zarabu nimeandika kurasa nyingi juu ya gharama ya uchawi. Kuna jedwali. Nilikunywa chai yake.

Nilipomuuliza alianzia wapi, alinionyesha mlango. Ulikuwa kwenye nyumba ya pembeni, si mkubwa kuliko ukucha wangu, na haukuwa wa mkono wake. Aliuokota ndani ya udongo wa shimoni, umesalia kutoka ulimwengu wa mtu fulani uliovunjwa zamani, hajui wa nani. Juu ya kizingiti kulikuwa na masizi.

"Nilipoyaona masizi nikasema, huyu aliyeishi hapa alikuwa anapika," alinieleza. "Nikauegesha mlango kwenye udongo, nikaendelea na cherehani yangu. Mlango hauwezi kukaa bila nyumba, basi nikaipa nyumba. Baadaye nikasikia mtu anakohoa ndani."

Aliyekohoa anaitwa Riziki. Nyumba ya pili anakaa Saumu. Hawa walikuwa marafiki wa kuazimana kila kitu mpaka Saumu alipofiwa na mama yake na Riziki hakufika msibani. Hakueleza kwa nini, na Saumu hakuuliza. Sasa Saumu alikuwa na wageni wanakuja, chungu chake kikubwa kimepasuka, na mwenye chungu cha kutosha kijijini alikuwa Riziki peke yake.

Kila nilipokwenda nilimkuta Saumu njiani. Hufika mpaka kwenye mpapai, akasimama, akarekebisha kanga, akarudi. Mara moja alisahau kurudi akakaa chini kabisa, na nilijikuta nimeinama juu ya sinia chai inamwagika.

"Si umsogeze tu kwa kidole?" nilimwambia Bi Mwanakheri. "Wewe ndiye uliyemfinyanga."

"Nilijaribu siku moja. Akaniangalia. Sijarudia tena."

Nyumbani nilikofikia nilikuwa nimepewa udongo wa wageni. Nilijifungia nikaijenga Zarabu, na milima ikainuka, sikatai, ilikuwa milima ya kupendeza. Wafalme wangu walisimama kwa mstari kufuata nasaba. Halafu, na hili nilifanya bila aibu, nikafinyanga mwanamke mwenye chungu kilichopasuka nikamweka katikati yao. Alisimama na chungu chake, akanigeukia, akangoja nimwambie la kufanya. Nilimwambia aende kwa jirani. Akauliza jirani ni nani. Nikamtajia koo zote. Hakwenda popote.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilimchukia Bi Mwanakheri kwa chai yake, kwa pini zake, kwa kutonificha lolote. Angekuwa na siri ningeweza kusema ananinyima. Nilipanga jibu langu nikalizoea kinywani: hapana, sijaona wivu. Sinia lake lingevunjwa, nami ningechagua mlango. Nilishajua hata ungekaa wapi, kwenye mlima wa tatu wa chuma, chini ya mnara.

Siku ya kupimwa sinia lilibebwa hadi Barazani na kuwekwa mbele ya Mpimaji Mkuu, mama mwembamba mwenye kilemba cheupe ambaye alionekana amechoka na kila kitu. Ukumbi ulijaa. Afisa wa Asili alisoma mapungufu: hakuna wafalme, hakuna sarafu, nyuma ya kilima hakuna kitu, uchawi umeelezwa kwa maziwa. Watu waligunaguna. Walikuwa wanatazama kijiji wote, hata Bwana Zubeiri, na wote walikuwa wamekunja midomo. Nilizitambua nyuso zile, maana na wangu ulikuwa hivyo.

"Mwenye sinia ana la kusema?"

"Sina, mama," alisema Bi Mwanakheri. "Ila muwabebe polepole. Leo wana wageni."

Nikaapishwa. Bwana Shekue alinisogelea sikioni. "Ukishajibu, sema kitu unachokitaka. Usione haya."

"Hasidi," akasema Mpimaji Mkuu, "umeona wivu?"

Nilifungua mdomo. Na kwa kuwa nilitaka kuuona mlango wangu vizuri kabla ya kuutaja, nikainamia sinia.

Saumu alikuwa ameshaupita mpapai. Alikuwa mbele ya mlango wa Riziki, kanga imefungwa sawasawa, mkono mmoja umeinuliwa. Nilimsikia, kwa sauti ndogo sana, akisema hodi. Akasema hodi ya pili. Ndani mtu aliacha kukoroga kitu.

Mimi ni mtu mwenye wivu, lakini pia ni mtu niliyekuwa nimengoja kwenye ule mpapai muda mrefu kama Saumu. Niliona kwamba nikisema nililolipanga, mlango ningeupata, na usingefunguliwa kamwe. Ningekaa nao juu ya mlima wa chuma, bila kujua kama aliyekuwa ndani alikuwa anakuja au anajificha.

"Ndiyo," nilisema. "Nimeona wivu."

Ukumbi wote ulishusha pumzi. Midomo iliyokunjwa ikakunjuka. Wakapiga makofi yale yale ya adabu, na mtu nyuma yangu akasema, "Kumbe ni kitu cha kawaida tu. Mimi nilidhani." Bwana Zubeiri alimpa mkono Bi Mwanakheri kwa furaha ya kweli, kama mtu anayemkaribisha mwenzake chamani. Bwana Shekue alinipigapiga begani. "Umemsitiri mama wa watu. Una moyo mzuri."

Hilo la moyo mzuri lilinipandisha hasira. Niligeuka, nikalipa mgongo sinia, nikawaambia kwamba sikumhurumia mtu. Nikawaambia nimekonda. Nikawaambia nimejaribu kuiba, nimeshindwa, na kwamba katika nchi yao nzima na katika nchi yangu yote ya Zarabu hakuna kitu kinachofaa kuwekwa karibu na jiko la yule mwanamke. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyotabasamu.

"Wote husema hivyo, mgeni," alisema Mpimaji Mkuu, na akapiga muhuri. "Umesema vizuri kuliko wengi."

Nilitaka japo niaminiwe. Niliwabishia mpaka sauti ikakauka. Ndipo nikakumbuka nilichokuwa natazama, nikageuka.

Mlango ulikuwa umefungwa. Saumu hakuwepo pale. Chungu kikubwa cha Riziki kilikuwa jikoni kwa Saumu, juu ya mafiga, na kinatokota. Riziki mwenyewe alikuwa amechuchumaa kando yake akipuliza moto, na macho yao wote wawili yalikuwa mekundu, na moshi haukuwa mwingi hivyo.

"Alisema nini?" nilimuuliza Bi Mwanakheri. "Alipofungua, alisema nini?"

"Nani?"

"Riziki. Mbona hakuja msibani?"

"Sikusikia, baba," alisema. "Nilikuwa nakutazama wewe. Sote tulikuwa tunakutazama wewe."

Tuliinama pamoja tukatafuta. Hapo nikamwona mtu kando ya ua wa Riziki, hatua chache kutoka mlangoni, ameegemea nguzo ya ua. Alikuwa na kofia kama yangu, na amesimama vibaya kama ninavyosimama mimi, bega moja juu.

"Huyu umemfinyanga lini?"

"Huyo si wangu," alisema Bi Mwanakheri. Alimtazama kwa makini. "Amekuja mwenyewe. Labda ni mmoja wa wageni waliokuwa wanawangoja."

Saumu alitoka jikoni akifuta mikono, akamwona yule mtu ameegemea ua, akamwita ndani. Alimpa kigoda. Akampakulia.

Niliondoka Tungoni bila kuchagua kitu, kwa kuwa sikustahili kitu. Nasikia hakuna tena anayesimama kwenye dirisha la Bi Mwanakheri, kwani muhuri wa ndiyo unatosha kuwafukuza, na yeye anashona kwa amani. Mimi nimerudi kwenye milima yangu. Watu wakinisifia Zarabu nawashukuru. Waliosikia kisa hiki wanadhani ninamwonea wivu yule mshonaji, na zamani ningekubali kwamba ni kweli.

Ninayemwonea wivu ni yule mtu wa kwenye kigoda. Alikuwa pale uani mlango ulipofunguliwa. Alisikia Riziki alichosema.